Karani wa Nje ya Dirisha

Tunduma, 11 Machi 2024

Shangazi Elizabeti,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua. Irene ametimiza miaka mitatu na meno yote, na anayatumia kuniuma nikimsuka. Edson aliondoka na lori kwenda Ndola, akasema atarudi Jumapili. Hakusema Jumapili ipi. Mvua za Mbebe zinasemaje, na mguu wako?

Naandika kwa aibu, na najua utacheka, basi cheka mapema tumalize. Unajua nauza unga wa mahindi karibu na mpaka. Niliona wenzangu wana vibao vya Kiingereza kwa ajili ya wateja wa Zambia, nami nikachukua boksi nikaandika kwa mkaa: FLOWER FOR SALE. Nilijivuna nalo siku mbili. Siku ya tatu akaja Ba Faith, mfanyabiashara wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, mama wa heshima zake, ndiyo maana ya hiyo Ba. Akasoma, akatazama ndoo zangu, akasoma tena. Akaniuliza, "Maua yako wapi, mwana? Nina harusi Jumamosi."

Kumbe unga ni neno jingine, ila midomoni yanafanana. Sasa sokoni naitwa Mama Maua, na wanaoniita hivyo hata herufi A hawaijui.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kikundi cha wafanyabiashara wa mchele wamejenga ghala hapa, wanatafuta karani wa kuandika vibao na stakabadhi kwa Kiingereza. Usaili ni mwezi wa saba. Ni kazi ya kukaa kwenye kiti, Shangazi, na Mama Rozi, mwenyekiti wao, anasema mtoto anaruhusiwa kucheza uani. Irene sasa hivi analala ndani ya boksi kando ya barabara, na malori yanapita karibu na kichwa chake hivi kwamba nikisikia breki moyo unasimama. Naitaka kazi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini niliishia kidato cha pili, na sababu yenyewe ndiyo hii inayoniuma nikiisuka.

Nifundishe maneno yanayofanana. Utasema nipige simu. Kwenye simu yote ni sauti moja, nitajuaje lipi ni lipi? Na nikiandika ujumbe, simu inajisahihisha yenyewe, mwisho wa yote itaajiriwa simu. Nakuletea barua kwa Ipyana wa kosta.

Mwanao,
Ferista


Mbebe, 3 Aprili 2024

Ferista mwanangu,

Marahaba. Mvua ipo, mguu upo, baba yako yupo na anazidi kusema. Barua yako imekaa siku kumi na mbili chini ya kiti cha Ipyana, imenifikia ikinuka dizeli na dagaa. Nilipomuuliza akasema alikuwa anaitunza.

Nimecheka, kwa kuwa umeruhusu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, nimeona watoto wakiandika mambo makubwa kuliko hayo, na wengine leo ni waheshimiwa.

Sasa sikiliza. Maneno haya kwa sikio ni mapacha, kwa jicho hata ukoo si mmoja. Usiyakariri. Lifungue kila neno, utazame limeficha neno gani dogo tumboni. Flour, unga: ndani kuna our, yaani wetu. Unga ni wetu. Flower, ua: ndani kuna low, yaani chini. Ua liko chini bustanini. Meat ni nyama, na ndani yake kuna eat, kula. Meet ni kukutana, zile e mbili zimesimama bega kwa bega kama watu wanaosalimiana. Week ni siku saba, zile ambazo Edson haonekani. Weak ni dhaifu, ndivyo anavyokuwa akionekana siku ya kulima.

Niletee maneno kumi kila barua, kwa wino. Nitayasahihisha kwa nyekundu. Kalamu yangu nyekundu bado inaandika, imestaafu mwenye kalamu tu.

Halafu uliza kwenye kamati ya usaili wamo akina nani. Uliza mapema.

Shangazi yako,
Elizabeti


Tunduma, 29 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo tena. Edson amerudi, analala mpaka mchana kama mtu aliyelisukuma lori badala ya kuliendesha. Irene ana mafua lakini anatembea nyumba nzima akisema "anga wetu, anga wetu", sijui kakusudia unga au mbingu.

Ile njia yako imenifungua macho. Maneno mengine nimeyafungua mwenyewe. Weight, uzito: ndani kuna eight. Kilo nane. Wait, kusubiri, haina namba, kwa sababu hapa Tunduma anayesubiri hajui atasubiri mpaka lini. There, pale: ndani kuna here, hapa. Hear, kusikia: ndani kuna ear, sikio. Whole, kitu kizima, ni hole, tundu, lililozibwa kwa w. Nilipogundua hilo nilikuwa nachota unga, nikamwaga kikombe kizima.

Ubaya wake sasa siwezi kutembea kwa amani. Kinyozi Luka ameandika HARE CUT. Nikamwambia kaka, umejitangaza unakata sungura. Akanijibu, "Mbona wanaokuja wana nywele?" Bucha ya pale kona imeandika FRESH MEET, yaani anauza mikutano mibichi. Nilimweleza, akaniambia Mama Maua rudi kwenye bustani yako.

Kamati nimeuliza. Ni Mama Rozi, na Hezron ambaye ni katibu, na mjumbe mmoja mzee ambaye simfahamu. Kwa nini umeuliza?

Nina swali jingine. Unajua kwa kina Edson mke hasimami mbele ya baba mkwe wala hataji jina lake, mpaka mzee mwenyewe alete kuku na kitenge, wasalimiane, katazo liishe. Mimi ni mwaka wa nne. Kila sikukuu anasema sikukuu ijayo. Nikisikia anakuja naingia uchochoroni na mtoto mgongoni. Nafikiri anafurahia kuona watu wakitawanyika. Kwako ilikuwaje? Baba aliwahi kusema ulikosa ukuu wa shule kwa mambo ya namna hii.

Maneno kumi yako nyuma ya karatasi.

Ferista


Mbebe, 10 Juni 2024

Ferista,

Hatujambo. Baridi ya hapa sasa inaingia mpaka kwenye chai. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na kazi.

Umepata tisa. Kumi ungepata kama usingeandika piece, kipande, mahali pa peace, amani. Kipande kina pie ndani, ni aina ya sambusa ya Wazungu. Kata sambusa, upate kipande. Write ni kuandika, na ile w haitamkwi, imekaa tu mwanzoni kama mgeni wa heshima kwenye harusi. Right ni sahihi, au kulia.

Usibishane na wenye bucha. Andika kibao chako vizuri uone macho yataenda wapi.

Habari za ukuu wa shule waachie wenye kumbukumbu nyingi na kazi chache, baba yako akiwa wa kwanza. Niliukataa mwenyewe. Sikuutaka.

Maneno mengine ishirini haya hapa.

Elizabeti


Tunduma, 21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Irene mzima, Edson yuko Lubumbashi, mimi sijui niko wapi. Usaili umefanyika Alhamisi. Nakueleza kama ulivyokuwa, na ukicheka safari hii cheka polepole.

Nilifika ghalani saa mbili asubuhi, nimevaa gauni la kanisani. Irene nimemwacha kwa jirani yangu Erica. Mama Rozi akanikaribisha, akasema tumsubiri mjumbe wa tatu. Yule mzee anaumwa, wamepata mwingine anayejua Kiingereza. Nikakaa. Nikasikia kikohozi mlangoni.

Kikohozi kile nakijua kuliko sauti ya mume wangu. Alikuwa Baba wa Edson.

Mlango wa ghala ni mmoja, naye kasimama hapo akipangusa viatu. Mama Rozi alikuwa ameinamia karatasi zake. Nikavuta kitenge usoni, nikaruka nyuma ya magunia ya mchele wa Kamsamba, nikachuchumaa. Nilifikiri atapita aende kwenye meza. Alivuta kiti akakaa pale pale, akaegemeza mgongo kwenye magunia. Pumzi yake naisikia.

Hezron akaita jina langu mara tatu. Mama Rozi akasema, "Alikuwa hapa sasa hivi." Hezron akasema, "Labda kawahi kumwagilia maua." Wakacheka. Nikasikia kalamu ikiandika kwamba sikufika.

Nimekaa pale saa nzima, mguu umekufa ganzi, namsikiliza msichana mwingine akiulizwa. Hakuna swali nisilolijua. Akaulizwa weight ya gunia inaandikwaje, akataja w, a, i, t. Nikauma kitenge. Na Baba wa Edson, ndiye mjuzi wao, akasema, "Sawasawa." Shangazi, alisema sawasawa.

Walipotoka kunywa chai ndipo nikatoka. Nilifika nyumbani na pumba mpaka masikioni. Irene akaniuliza, "Mama umepikwa?"

Msichana yule anaanza kazi kesho Jumatatu. Ungeniambia nifanye nini, nisimame? Nimtazame usoni nimtajie herufi? Niambie ukweli, na safari hii niambie na wa kwako.

Ferista


Mbebe, 12 Agosti 2024

Ferista mwanangu,

Sikucheka.

Kahawa ya baba yako imevunwa, anasema mwaka huu ni nzuri, anasema hivyo kila mwaka. Mguu unauma. Haya, salamu zimeisha.

Sikuukataa ukuu wa shule. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa baba mkwe wangu. Waliniita, nikaja nikasimama nje ya mlango, shela usoni. Ndani wakauliza, "Mwalimu Elizabeti, unaitaka nafasi hii?" Jibu nilikuwa nalo. Kwetu hata sauti haikutakiwa imfikie. Wakauliza tena. Nilisikia akiwaambia wenzake, "Mwalimu huyu hana sauti, shule itaongozwaje?" Yeye ndiye aliyejua kwa nini sina sauti, na akasema hivyo. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha mimi kuandika jina lake, na aliliandika vibaya mpaka anastaafu.

Niliwaambia watu nimekataa. Ukisema jambo miaka thelathini linakuwa kama kweli, linapata hadi mashahidi.

Sasa unaniuliza ufanye nini. Unaishi kwenye kiwanja chao, mume hayupo, mtoto ni mdogo. Kichwa changu kinasema tulia, kazi nyingine itakuja. Mkono wangu ulitaka kuandika neno jingine, lakini karatasi imekwisha.

Elizabeti


Tunduma, 18 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, nadhani Ipyana anaendelea kulitunza. Siwezi kusubiri, nakuandikia hivyo hivyo.

Yule msichana amechora kibao cha ghala kirefu kama trela: WAIT YOUR RICE HERE. HOLE BAGS ONLY. Ba Faith alipokiona akageuka, akasambaza Nakonde nzima kwamba ghala lile linauza mifuko yenye matundu na bado linakulazimisha usubiri. Wakawa wanakuja wateja wanapapasa magunia kutafuta tundu. Msichana akaona taabu, akahamia duka la simu.

Juzi Mama Rozi akapita kwenye ndoo zangu. Kibao changu kipya kinasema MAIZE FLOUR, GOOD WEIGHT. Alikisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Wewe siku ile ulikimbilia wapi?"

Nikamwambia ukweli wote, magunia, pumba na mkwe. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, na mfuniko ukapasuka. Alipomaliza kucheka nikamwambia, "Mama Rozi, ghala lina dirisha. Naomba mniulize nikiwa nje ya dirisha, nami niandike."

Nilikuwa nimeshasema, Shangazi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikaa nje, chini ya dirisha, Irene mgongoni, daftari kwenye goti. Ndani namsikia Baba wa Edson: "Mkwe hawezi kufanya kazi mahali ninapoingia mimi."

Mama Rozi akamjibu, "Basi hutaingia. Tunatafuta karani wa kuandika au wa kutazamana na wewe, Mzee?"

Akakohoa. Kisha akaanza kutaja maneno, mimi naandika, Mama Rozi anapokea karatasi kwenye nondo za dirisha. Mambo yakaenda mpaka akasema, "Wait." Sikuandika. Niliandika swali nikalipitisha: Ipi, ya kusubiri au ya kilo?

Mama Rozi akalisoma kwa sauti. Ba Faith alikuwa amekuja kununua, amekaa juu ya magunia, nikamsikia, "Mtoto kakuuliza, tata, mzee wangu. Mjibu." Kikohozi kingine, kirefu. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Zote mbili."

Nikaandika zote mbili. Pembeni nikaeleza eight na kilo nane, jinsi ya kukumbuka. Sikuandika kwa kumkomoa. Pengine kidogo.

Karatasi ilipomaliza kuzunguka ikanirudia dirishani. Chini kabisa, kwa mwandiko wa kubabaika, ameandika: Amefaulu. Miaka minne tumeishi kiwanja kimoja, Shangazi, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu. Nimelikunja nimeliweka kwenye Biblia. Nililia, usimwambie mtu.

Naanza Jumatatu. Utaratibu wa Mama Rozi ni kwamba mjumbe yule akija akohoe mara tatu kwa mbali, asubiri mpaka nitoke kwa mlango wa uani wanaoutoboa wiki hii. Kwa hiyo sasa kikohozi ni kile kile, ila anayesimama juani ni yeye. Leo asubuhi kamtumia Edson ujumbe kwamba kuku amepatikana, na kitenge, tumalize katazo Jumamosi hii. Miaka minne kuku hawakuwepo Tunduma nzima. Nimemjibu Edson, mwambie Baba nashukuru sana, ila mambo ya heshima yasifanywe kwa haraka. Sikukuu ijayo.

Nitamkubalia, usinigombeze. Lakini acha akohoe kidogo.

Nilikuwa nafunga barua hii Ipyana akaniletea ya kwako ya tarehe kumi na mbili. Nimeisoma nimesimama barabarani. Kuhusu ile siku ya mlango, nimeishika tu karatasi. Ila Shangazi, umesema karatasi imekwisha. Nimeigeuza. Upande wa pili wote ni mweupe. Nakurudishia, umalizie.

Ferista, karani


Mbebe, 6 Septemba 2024

Karani,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Nimeisoma barua yako kwa baba yako, amecheka hadi akanyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Umekosea mahali pawili, nimeweka nyekundu. Mtoto asikae mgongoni siku ya mtihani, anakufanya uandike ukiwa umepinda.

Kuku mpokee kabla hajazeeka.

Nimepokea karatasi. Niliiweka mezani siku tisa, nikawa naipita kama ninavyompita mtu ninayemdai salamu. Leo nimekaa. Neno ambalo mkono wangu ulitaka kuandika lilikuwa "nenda", lakini ulishakwenda bila mimi, kwa hiyo limekosa kazi. Nimelitafutia upande huu mweupe kitu kingine.

Baba mkwe wangu, aliyesema sina sauti, alikufa, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Sijawahi kutaja jina lake wala kuliandika, hata kwenye msalaba wa kaburi lake nilimwomba mwingine achore. Aliitwa Lwitiko.

Nimelifungua kama tunavyofungua maneno yako, nimelitazama herufi kwa herufi. Ndani yake sikukuta kitu chochote cha kutisha.

Shangazi yako,
Mwalimu Elizabeti